Hukumu ya Malindi: kutoa mimba sasa ni haki Kenya, au tumesoma vichwa vya habari tu?

#1 Kombo_wa_Mtwapa · 28 Machi 2022
Wadau, hamjambo. Tangu wikendi simu yangu haipumui. Kundi la ukoo linasema Mahakama Kuu ya Malindi imehalalisha kutoa mimba. Kundi la kanisani la mke wangu linasema hivyo hivyo, ila kwa herufi kubwa. Kijana wangu wa chuo naye ananiambia, "Baba, hakuna kilichohalalishwa, mambo yako hivyo tangu 2010."

Mimi 2010 nilipiga kura ya Katiba mpya. Nilikuwa kijani, rangi ya "Ndiyo", fulana ninayo mpaka leo, naoshea pikipiki. Nakumbuka tuliambiwa Katiba mpya INAKATAZA kutoa mimba. Sasa nani alidanganywa, mimi wa wakati ule au mimi wa leo? Aliyesoma hukumu yenyewe anijuze jaji kasema nini hasa.

#2 Mdaku_Mstaafu
Nimekaa kiti cha mbele. Karanga ninazo.

#3 KijanaWaJuja
Imehalalishwa, mzee. Nimeona kwenye runinga kwa macho yangu. Jaji Nyakundi kasema ni haki ya msingi. Uzi ufungwe.

#4 WakiliWaBarazani
Uzi ndio kwanza unafunguliwa, @KijanaWaJuja.

Kesi ilianzia kaunti ya Kilifi mwaka 2019. Msichana wa shule, kwenye karatasi za mahakama anaitwa PAK (herufi tu, kwa kuwa alikuwa mtoto), alipatwa na maumivu makali na kuvuja damu, akaenda zahanati. Tabibu akampima, akaona mimba imeshaharibika, akamtibu. Polisi wakaingia, wakambeba msichana, tabibu na mafaili. Msichana akapelekwa hospitali nyingine akapimwa upya bila hiari yake ili ushahidi upatikane. Wote wawili wakashtakiwa. Msichana alikaa rumande ya watoto zaidi ya mwezi huku dhamana ikitafutwa.

Someni tena hapo juu. Aliingia zahanati akiwa anavuja damu, akatoka akiwa mshtakiwa.

Jaji alifuta mashtaka hayo. Akasema huduma hii inalindwa na Katiba, na kuwakamata ovyo wagonjwa na wanaowahudumia ni kinyume cha sheria. Tena akalitaka Bunge litunge sheria inayolingana na Katiba. Hakusema kila anayetaka atoe mimba wakati wowote kwa sababu yoyote.

#5 Mlinzi_wa_Uhai
Ahsante wakili, lakini umeruka maneno ambayo jaji mwenyewe hakupaswa kuyaruka. Kifungu cha 26(2) cha Katiba kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Halafu 26(4), neno la kwanza kabisa baada ya "kutoa mimba" ni "hakuruhusiwi". Isipokuwa zinakuja baadaye: mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu.

Isipokuwa haiwi haki. Nikikwambia usikanyage shambani kwangu isipokuwa ng'ombe wako ametoroka na kuingia, sijakupa hati ya shamba.

#6 Mama_Kadzo
Hati sitaki. Lakini ng'ombe wangu akiingia, nina haki ya kumfuata bila kupigwa rungu na askari wako. Ama sivyo?

#7 Mdaku_Mstaafu
Karanga zinaisha na hatujafika hata kwa maziwa.

#8 DarMdau
Salaam kutoka Tanzania, ng'ambo ya Horohoro. Kwanza nyie mnasema "kifungu", sisi Katiba ina "ibara", kifungu ni cha sheria za kawaida. Basi tusigombane.

Swali la mgeni: huyu ndiye yule binti aliyefariki, mahakama ikaamuru mama yake alipwe milioni tatu? Mbona #4 anasema alikaa rumande?

#9 WakiliWaBarazani
Hapana mkuu, ni kesi mbili na watu wengi wanazichanganya. Huyo wa milioni tatu ni JMM. Alibakwa akiwa na miaka 14, mimba ikatolewa vichochoroni 2014, figo zikafa, akafariki 2018. Majaji watano wa Mahakama Kuu Nairobi waliamua Juni 2019 kwamba aliyebakwa anaweza kupata huduma hiyo ikiwa mtaalamu wa afya ataona afya yake, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Wakasema pia Wizara ya Afya ilikosea kuondoa mwongozo wake wa 2012 wa kupunguza vifo na madhara ya kutoa mimba kusiko salama.

PAK ni wa Malindi, na PAK yu hai.

#10 NesiZamuYaUsiku
Umeutaja ule mwongozo umenitonesha kidonda.

Ulitoka 2012, tukafunzwa. Nani apokewe, nani apewe rufaa, damu ikizidi unafanya nini. Desemba 2013 ukaondolewa. Februari 2014 ikaja barua nyingine: hakuna mfanyakazi wa afya kuhudhuria mafunzo ya kutoa mimba salama wala ya matumizi ya dawa zake, atakayekaidi atachukuliwa hatua. Kwetu ilibandikwa kwenye ubao wa chumba cha wauguzi, kando ya ratiba ya zamu. Kila ukiangalia kama una zamu ya usiku, unaisoma.

Usiku mmoja akaletwa binti na shangazi yake, kajifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu imelowa tayari. Shangazi anasema tumbo. Binti hasemi kitu. Daktari nikampigia, akauliza swali moja tu: "Ameitoa au imetoka?" Nikamwambia presha ni themanini kwa hamsini. Akarudia: "Ameitoa au imetoka?"

Alikuja. Lakini alikuja baada ya dakika arobaini, na dakika hizo nilikuwa mimi na yule shangazi na dripu mbili. Hospitali siitaji.

#11 Mama_Kadzo
Alipona?

#12 NesiZamuYaUsiku
Alisafishwa, akaongezwa damu, akapona. Siku ya tatu wakaondoka kabla ya raundi ya asubuhi. Kanga moja waliiacha.

#13 KijanaWaJuja
Ndiyo maana nasema hii sheria ibadilishwe jamani. Wasichana karibu nusu milioni wanakufa kila mwaka Kenya kwa sababu ya kutoa mimba!!

#14 WakiliWaBarazani
Kijana, pole pole. Hiyo 465,000 hivi ni makadirio ya mimba zilizotolewa mwaka 2012, kwenye utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC. Si vifo. Utafiti huo huo ulikadiria kama 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Ukiwapa watu tarakimu ya uongo, wanakunyima na ile ya kweli.

#15 KijanaWaJuja
Samahani. Niliona kwenye picha imeandikwa hivyo.

#16 Mdaku_Mstaafu
Huyu naye kila kitu "aliona". Runinga, picha. Ipo siku ataona na kitabu.

#17 Mlinzi_wa_Uhai
@NesiZamuYaUsiku, kisa chako kimenigusa na sitaki ufikiri mimi ni jiwe. Lakini ona, huyo binti ulimtibu. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Hakuna mtu upande wangu anayesema aachwe afe. Tunalopinga ni kuligeuza tundu la dharura kuwa lango kuu. Neno "afya" ukilitafsiri kwa upana, huzuni ni afya, ada ya shule ni afya, kuogopa baba ni afya. 2010 viongozi wa makanisa walipinga rasimu kwa sababu ya neno hilo hilo, tukaambiwa tunatia watu hofu. Sasa jaji anasema haki ya msingi. Nani alitia nani hofu?

#18 Kombo_wa_Mtwapa
Hapo umenikuna. Nakumbuka wale wanasiasa tuliokuwa tukiwaita matikiti maji, kijani nje, ndani wekundu wa "Hapana". Hoja yao kubwa ilikuwa hii na mahakama za kadhi.

#19 Mama_Kadzo
Kuogopa baba si afya, sawa. Je, kama mimba NI ya baba?

Nauliza kwa sababu huku kwetu kila mtu anapigia kelele disko matanga, kwamba watoto wanapatia mimba ngomani msibani. Wanapata, ndiyo. Lakini mimi nimekaa kamati ya shule miaka sita, na visa viwili vilivyonikosesha usingizi havikutoka kwenye disko. Vilitoka chumba cha pili cha nyumba ile ile. Wazee wakakaa chini ya mwembe, mbuzi akatolewa, mambo yakaisha. Polisi walioshindwa kufika hapo ndio hao hao walioweza kufika zahanati ya Kilifi.

#20 WakiliWaBarazani
Kwa nini polisi wanafika zahanati, jibu langu ni kavu. Kanuni ya Adhabu haijaguswa. Ni sheria ya mkoloni ya 1930. Kifungu cha 158, anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 159, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 160, anayetoa dawa au vifaa, miaka 3. Inasema "kinyume cha sheria" bila kueleza ni lini inakuwa si kinyume cha sheria. Koplo ana Kanuni ya Adhabu kwenye droo. Katiba hana.

#21 Mdaku_Mstaafu
Wakili, wewe ni msomi, koplo hahitaji droo. Ni biashara. Mwenye zahanati ana pesa, ana hofu, na ana jina la kulinda. Polisi wakija mwisho wa mwezi, faili linapatikana. Wakilipwa, faili linapotea. Kilifi huenda bei haikuafikiana tu.

#22 NesiZamuYaUsiku
Mimi nasema ni majirani. Polisi hawanusi. Mtu hupiga simu. Mara nyingi ni mwenye zahanati ya pili.

#23 Mlinzi_wa_Uhai
Au labda, nasema labda tu, polisi wanafika kwa sababu uhalifu umetendeka. Mbona jibu hilo halipati hata kiti humu?

#24 Mama_Kadzo
Kiti lipewe. Lakini liketi pembeni ya lile faili la tabibu lililosema mimba ilishaharibika.

#25 DarMdau
@WakiliWaBarazani hizo namba zimenichekesha. Sisi Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150, 151 na 152: miaka 14, miaka 7, miaka 3. Yaani tulinakili ubaoni kwa mwalimu mmoja, hata makosa ya herufi sawa. Tofauti ni kwamba sisi Katiba yetu haisemi lolote kuhusu mimba, iwe kukataza au kuruhusu. Kilichobaki ni kile kifungu cha upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Chenu ni 240, chetu 230.

Na Protokali ya Maputo, ile ya haki za wanawake Afrika, ibara ya 14 inataja ubakaji, ngono ya maharimu, na hatari kwa afya ya mama. Sisi tumeridhia 2007. Nyie?

#26 WakiliWaBarazani
Tuliridhia 2010 tukaacha kando aya hiyo hiyo ya 14(2)(c). Kwa hiyo nyie mmeridhia bila kuandika kwenye sheria zenu, sisi tumeandika kwenye Katiba lakini aya hiyo tukakataa kuiridhia. Majirani wema.

Kuhusu "nia njema": hilo lina babu yake. London, 1938, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajisalimisha mwenyewe. Jaji akaliambia baraza la raia wanaoamua kesi (juri) kwamba kuokoa maisha si lazima mama awe anakata roho, hata kuvunjika kabisa kwa mwili au akili kunahesabika. Bourne akaachiwa. Kesi ile ilifika mpaka kwenye mahakama za Afrika Mashariki. Ndiyo maana nacheka nikisikia "afya ya akili" ni uvumbuzi wa Malindi.

#27 Msimamizi
Nimefuta machapisho matatu. Kuuliza zinakouzwa dawa hapana. Kumwita mwenzako muuaji hapana. Endeleeni.

#28 KijanaWaJuja · 25 Juni 2022
Nafufua. Marekani jana Mahakama ya Juu imefuta Roe v. Wade, ile hukumu iliyofanya kutoa mimba kuwa haki ya kikatiba kwao. Miaka karibu hamsini tangu 1973, imekwenda. Kama kwao imefutwa, ya Malindi itadumu?

#29 Mlinzi_wa_Uhai
Swali zuri, kijana. Haki iliyotungwa na majaji hufutwa na majaji.

#30 WakiliWaBarazani
Hapo tugawane nusu kwa nusu. Katiba ya Marekani haina neno mimba mahali popote. Majaji wa 1973 waliitoa haki hiyo kwenye faragha na Marekebisho ya 14, majaji wa 2022 wakasema haimo. Yetu imo, nyeusi kwenye nyeupe, iwe unaiita haki au unaiita isipokuwa. Jaji wa Kenya hawezi kuifuta 26(4). Anachoweza ni kuisoma kwa upana au kwa wembamba.

Ila upana na wembamba huo ndio kila kitu, nakubali.

#31 Mdaku_Mstaafu
Yaani ng'ombe bado yuko shambani.

#32 Kombo_wa_Mtwapa
Na mimi mwenye uzi nikiri jambo. Nilipouliza Machi sikusema kwa nini. Mwaka 1994 dada yetu mdogo alikufa, na nyumbani tuliambiwa malaria. Nilikuwa na miaka 19. Mama alifua shuka usiku, peke yake, kwa taa ya chemni, na shuka za malaria hazifuliwi usiku. Sijawahi kumuuliza. Ameshatangulia naye.

Sijui ningepiga kura vipi kama angeniambia. Pengine vile vile. Fulana ningeiweka sandukuni.

#33 Mama_Kadzo
Pole sana kaka.

#34 Mlinzi_wa_Uhai
Pole mzee wangu. Leo sibishani.

#35 KijanaWaJuja · 27 Oktoba 2025
Nafufua tena, mnisamehe, sasa nimemaliza chuo na NIMESOMA, Mdaku usianze. Mahakama ya Rufaa imeitengua ile ya Malindi. Inasema kutoa mimba si haki ya msingi chini ya Katiba, Katiba inakataza isipokuwa kwa hali zilizotajwa 26(4).

#36 Mlinzi_wa_Uhai
Uzi huu, namba 5, Machi 2022. Someni ng'ombe wangu. Majaji watatu wamekuja kunisomea nilichoandika kwenye matatu.

#37 Mdaku_Mstaafu
Haya mheshimiwa. Gauni la jaji utalichukulia wapi?

#38 WakiliWaBarazani
Pokea pongezi zako, Mlinzi, kwa neno "haki" umeshinda raundi hii. Lakini angalia kilichobaki mezani. 26(4) iko pale pale. Dharura iko pale pale. "Afya ya mama" iko pale pale, na anayetoa maoni ni mtaalamu wa afya, ambaye Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja: daktari, muuguzi, mkunga, tabibu, mwenye leseni. Kilichopotea ni ile kinga ya jumla, kwamba polisi wasimame mlangoni. Tena njia ya Mahakama ya Juu ipo.

#39 Mama_Kadzo
Kwa hiyo ng'ombe ninaruhusiwa kumfuata, ila rungu nalo linaruhusiwa kunifuata mimi.

#40 Mlinzi_wa_Uhai
Utajieleza mahakamani ukiwa na ng'ombe mkononi. Ndivyo sheria zote zilivyo, hata mwenye kujitetea dhidi ya jambazi hujieleza.

#41 Mama_Kadzo
Mwenye kujitetea dhidi ya jambazi hana miaka 16 na hana damu miguuni.

#42 DarMdau
Mimi bado nangoja Bunge. Jaji wa 2022 si aliliambia litunge sheria? Benin walikwenda bungeni Oktoba 2021, wakapiga kura kupanua ruhusa ya kutoa mimba, wakamaliza. Nyie miaka mitatu na nusu mnazunguka ngazi za mahakama.

#43 Mdaku_Mstaafu
Bunge letu? Mbunge atakayeupeleka mswada huo ajue Jumapili hana kanisa na Ijumaa hana msikiti. Tikiti maji ni msimu wote.

#44 MuuguziMpya_26
Habari zenu, mgeni humu, nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Nina miezi minne kazini, dispensari, usiku niko peke yangu na mlinzi. Naomba jibu moja bila siasa. Baada ya hukumu hii, akija msichana anavuja damu, nimuulize ameitoa au imetoka?

#45 WakiliWaBarazani
Mtibu. Matibabu ya dharura hayajaguswa na mahakama yoyote. Hilo unaweza kuliweka mfukoni.

#46 MuuguziMpya_26
Kutibu nitatibu. Nauliza faili. Naandika nini?

#47 NesiZamuYaUsiku
Nimestaafu mwaka jana, mwanangu, lakini hili nitakujibu.

Andika saa aliyofika, kwa dakika. Presha, mapigo, joto. Kanga ngapi zimelowa, au pedi ngapi, hesabu. Andika ulichokiona kwa macho na ulichokigusa kwa mkono, na uliyempigia simu na saa uliyompigia. Sababu usiandike kama hukuiona. Na hukuiona.

Halafu mwambie mlinzi afunge geti.

#48 MuuguziMpya_26
Ahsante mama. Geti letu halina komeo.

#49 Mdaku_Mstaafu
Wa dispensari gani? Usitaje humu. Nitumie ujumbe wa faragha, nina fundi.